Jinsi ya kuandika wimbo wa mapenzi kwa msaada wa Wordsworth

Vijana wa mtaa wa Pipeline huniletea mistari yao niipige msasa kabla hawajaingia studio, na karibu yote ina moyo uliovunjika, mafuriko ya machozi na malaika. Nikiwaambia wamsome Wordsworth, mshairi wa Kiingereza wa zamani, wanacheka. Lakini huyu "mimi" wa mistari yao, anayemwaga yake ya moyoni kwa maneno ya kila siku, ana deni kubwa kwa Wordsworth na mshairi mwenzake Coleridge, waliotoa diwani yao mwaka 1798 wakitaka ushairi usemwe kwa lugha ya watu wa kawaida. Iron Maiden, bendi ya roki ya Uingereza, walimfuata Coleridge waziwazi: mwaka 1984 walitoa wimbo wa zaidi ya dakika 13 kutokana na shairi lake la baharia mzee. Wewe tatu zinakutosha.

Anza na macho. Tarehe 15 Aprili 1802 Wordsworth alitembea na dada yake Dorothy kando ya ziwa Ullswater, wakakuta maua ya manjano yamejaa ufukweni. Dorothy akaandika katika shajara yake kwamba mengine yalilaza vichwa juu ya mawe, kama yamechoka. Shairi la kaka mtu likatoka kitabuni mwaka 1807, na sifa zote akapewa yeye; kwangu mimi, nusu ya kazi ni ya dada. Basi umeachwa? Usiandike "nina uchungu". Fungua simu, andika alichokiacha nyumbani: rangi yake, kilipo sasa hivi.

Halafu iache ipoe. Wordsworth alisema shairi huanzia kwenye hisia inayokumbukwa mtu akiwa ametulia. Ukiandika usiku uleule utapata matusi yenye vina, na hayo tunayo ya kutosha mjini.

Ikishapoa, pima mizani, yaani hesabu silabi za kila mstari. Baladi nyingi za Kiingereza, zile nyimbo za kusimulia kisa, hupishanisha mstari wa mizani 8 na wa 6, ndiyo maana zinaimbika kirahisi. Sisi tuna utenzi, 8 kila mstari. Tena miaka hiyohiyo ya Wordsworth, Muyaka bin Haji alikuwa Mombasa akitunga mapenzi na siasa kwa mizani 16, kwa hiyo usijione unaomba kwa jirani. Mfano wangu huu hapa:

Shuka lako la kijani
laning'inia kambani,
wingu laja, nimo ndani,
kulianua siwezi.

Hakuna "nakupenda" hata moja, na aliyewahi kuachwa ataelewa. Gonga meza ukihesabu. Biti ikikubana, toa neno, usiharakishe ulimi. Mstari wa mwisho, ule usio na kina cha wenzake, ndio ninaoufanya kiitikio, kwa sababu sikio linaungoja.

Ukitaka kuchukua mistari yenyewe ya Keats, mshairi mwingine wa Kiingereza wa enzi hizo, chukua. Alifariki mwaka 1821 na hakuna wa kukudai. Lakini tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na mtu aliye hai ni mali yake. Mtafute, muombe ruhusa kwa maandishi, na jina lake liandikwe pamoja na lako wimbo ukitoka.