Simu ya Bibi Ibaki Mkononi mwa Bibi

Mimi ni wakala wa pesa za simu, Ngamiani, Tanga. Wazee wengi hunikabidhi simu na namba ya siri kwa pamoja, tena wakiitamka kwa sauti. Kama una bibi au baba mwenye simu, mfundishe wewe kabla tapeli hajamwahi.

Itengeneze simu kwanza. Ingia Mipangilio, weka lugha ya Kiswahili, kuza maandishi mpaka uyasome ukiwa umesimama na simu imelala mezani. Ondoa kwenye ukurasa wa mwanzo kila asichokitumia. Kwenye majina weka picha za watu, maana asiyejua kusoma atamtambua mwanawe kwa sura. WhatsApp isipakue picha na video yenyewe, la sivyo bando litaishia kwenye video za harusi za kundi la ukoo.

Sasa kidole, jambo ambalo vijana hawalifikirii. Vidole vya mtu aliyelima na kufua umri wake wote ni vikavu, kioo hakivipokei vizuri. Avipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Halafu wazee hukandamiza na kushikilia kama wanabonyeza kengele ya mlango, simu nayo inadhani wanataka kuhamisha programu. Kwenye mipangilio ya ufikivu kuna sehemu ya kuongeza muda wa kugusa na kushikilia. Weka mrefu kabisa. Kufunga simu kwa alama ya kidole usimwekee, atafungiwa nje kila saa.

Somo la kwanza liwe ujumbe wa sauti, si kuandika. Hapo ndipo kushikilia kwake kunapofaa: ashikilie kipaza sauti, aseme, aachie. Nina mteja wangu, bibi mmoja, binti yake yuko kazini Muscat. Herufi hazijui, lakini anamtumia sauti kila jioni, nusu yake salamu, nusu maagizo.

Ukifundisha, mikono yako iweke nyuma. Ile “lete bibi nikufanyie” ndiyo inayowafanya wazee wabaki hawajui. Leo sauti tu, kesho kupiga simu ya video, pesa baadaye akishazoea.

Kwenye pesa, apige mwenyewe *150*00# kama ni M-Pesa ya Vodacom, au namba ya mtandao wake. Akishaweka namba ya mpokeaji na kiasi, jina hutokea. Hapo asimame, alisome kwa sauti. Kama hajui kusoma, amwombe mtu wa nyumbani amsomee. Likiwa silo, asiweke namba ya siri. Namba ya siri yenyewe isiwe mwaka wa kuzaliwa, maana umo kwenye kitambulisho cha NIDA na kila karani ameuona. Achague mwaka anaoujua yeye peke yake, pengine aliomaliza kujenga nyumba. Hata wewe usiujue. Wakala naye hana haja nayo, mimi nikiwemo.

Matapeli wana nyimbo chache tu, mwimbie azijue. “Ile hela tuma kwenye namba hii”: afute, hana deni na mtu asiyemfahamu. “Nimekosea, nimekutumia pesa”: atazame salio kwanza, na hata kama zimeingia kweli, asirudishe mwenyewe, apige 100, huduma kwa wateja. Mjukuu amepata ajali na anaongea kwa namba ngeni: akate, ampigie mjukuu kwa namba iliyomo kwenye simu yake. Ujumbe wa kitapeli autume 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kupokea taarifa hizo.

Bado laini. Wanaosajili laini barabarani humwambia mzee “kidole hakijasoma, weka tena”. Kwa vidole nilivyovieleza huko juu, mara nyingine ni kweli. Mara nyingine anasajiliwa laini ya pili bila kujua, na laini hiyo ndiyo itakayotumika kutapelia watu. Kwa hiyo piga naye *106# kila baada ya muda, muangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Mkikuta asiyoitambua, mpeleke na kitambulisho chake kwenye duka la mtandao husika, si kwa msajili wa barabarani chini ya mwavuli, ifutwe akiwa amesimama pale pale.