Jinsi ya kuomba msaada wa chakula Mwanza: anzia mtaani kwako

Mbalamwezi ikitoka, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana taa zao hazivuti kitu. Kwa mama anayeishi kwa kubeba na kuanika dagaa Mwaloni Kirumba, hizo ndizo siku za kulaza watoto kwa uji mwepesi. Nawaandikia kaya za namna hiyo. Usingoje debe la unga likauke ndipo uanze kuulizia, kwa sababu barua nazo huchukua siku zake.

Anza kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wako. Ukipanda daladala moja kwa moja hadi halmashauri bila barua ya mtaa, kuna uwezekano mkubwa wa kurudishwa. Hapa ndipo wengi tunapokwama kwa aibu. Mama hajapika tangu jana, lakini akiulizwa anasema "tunajitahidi tu", na barua inatoka na maneno "hali ngumu" peke yake. Afisa atashika nini hapo? Sema kwa hesabu: watoto wanne, mlo mmoja kwa siku, wiki mbili sasa, kodi ya chumba inadaiwa. Taja mgonjwa, mzee, mjamzito au mwenye ulemavu kama yupo. Hakikisha barua ina muhuri na tarehe, kisha toa kopi ubaki nayo. Beba namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na kadi za kliniki za watoto.

Barua ipeleke kwa afisa ustawi wa jamii, ukianzia ofisi ya kata. Angalia usikosee halmashauri: Mabatini, Igogo na Buhongwa ziko Jiji la Mwanza, ila Kirumba, Nyakato na Buswelu ziko Manispaa ya Ilemela. Afisa anaweza kuja nyumbani kuona hali. Mwombe pia akuelekeze kwa mashirika na nyumba za ibada zinazogawa chakula.

TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ina utaratibu wake, na humo kuna fedha, si unga. Huendi dirishani kujaza fomu siku yoyote unayotaka. Zoezi la utambuzi likifika, kaya hutajwa kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, mbele ya majirani, halafu hufuata dodoso la kuhakiki. Kwa hiyo tangazo la mkutano likipita, acha shughuli uende, au umtume mtu mzima wa kaya yako. Mtu akikudai hela ili jina lako liingie, usitoe.

Parokiani, pitia jumuiya ndogondogo. Msikitini, mwone imamu mapema Ramadhani, kabla zaka ya fitri haijagawiwa. Uliza hata kama wewe si muumini wao.

Mtoto mdogo usimweke kwenye foleni ya barua hizi. Zahanati wana utepe wa kupimia mkono: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko ulio chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Miguu yote miwili ikivimba ni vivyo hivyo, hata kama mashavu yanaonekana yamejaa. Mpeleke siku hiyo hiyo na kadi yake ya kliniki. Mambo ya mtendaji utayamalizia kesho.