Kufufua Kompyuta ya Zamani Jijini Mwanza: Vipuri Hutafutwa kwa Vipimo

Anayetaka kufufua kompyuta ya zamani jijini Mwanza akubali jambo moja kabla hajashika bisibisi: hakuna duka, liwe la katikati ya jiji, Buzuruga au Igoma, litakalokuwa na rafu ya vipuri vya mashine ya mwaka 1995. Vipuri hivyo vipo, tena vingi, ila vimekaa ndani ya televisheni zilizoungua, ving'amuzi vilivyotupwa, printa na UPS za maofisini. Anayeuliza kwa jina la kompyuta atarudi mikono mitupu. Anayeuliza kwa volti, maikrofaradi (kipimo cha uwezo wa kuhifadhi chaji), idadi ya pini na kipenyo atapata anachotaka, mara nyingi kwa fundi redio ambaye hajawahi kuigusa kompyuta.

Mashine zinazopatikana

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na ingawa zuio hilo lililegezwa baadaye, athari yake bado inaonekana katika stoo zetu. Mashine kama IBM PC ya mwaka 1981 au Commodore 64 ya mwaka 1982 ni adimu mno kando ya ziwa, na mtu akikutana na 486 (kizazi kilichotangulia Pentium) iliyo nzima ana haki ya kujipongeza. Zinazoonekana zaidi ni Pentium II, Pentium III na Pentium 4, zilizoingia kama mitumba au kama misaada kwa shule, parokia na vyuo. Mwongozo huu unazihusu zaidi hizo, pamoja na 486 chache zilizosalia.

Kompyuta ya shule au ofisi ya umma ni mali ya Serikali hata kama mijusi imetaga ndani yake. Mtunza stoo hana mamlaka ya kuiuza. Huuzwa kwa mnada baada ya kufuata taratibu za kuondoa mali chakavu, na mnunuzi anapaswa kupewa stakabadhi. Kwa upande wa wanunuzi wa vyuma chakavu, wao hupima kwa kilo na mara nyingi huvunja kasha kwanza ili kutenganisha bati, nyaya na bodi. Inafaa kuzungumza nao mapema, kuwaonyesha picha ya kitu kinachotafutwa, na kukubaliana kwamba bodi nzima italipiwa zaidi ya bei ya kilo. Hasara kubwa hutokea pale kasha linapopigwa nyundo.

Usiiwashe kwanza

Hamu ya kuchomeka waya ili kuona kama mashine inawaka ndiyo iliyoua kompyuta nyingi zilizokuwa zimesalimika stoo kwa miaka ishirini. Kwanza ifunguliwe, ipigwe picha kila upande, na kila waya uandikiwe alama kwa kipande cha gundi ya karatasi. Katika nyumba zilizo karibu na ziwa, vumbi la ndani huchanganyika na mizoga ya wadudu wadogo wanaoruka kwa makundi kutoka majini, na uchafu huo hushika unyevu na kuozesha miguu ya vipuri. Uondolewe kwa brashi laini ya rangi, kisha kwa hewa kavu. Kompresa ya gereji hutoa maji pamoja na hewa, hivyo haifai bila kichujio.

Baada ya hapo itazamwe betri. Bodi nyingi za 386 na 486 zina betri ya nikeli-kadimiamu ya volti 3.6, yenye umbo la pipa dogo, iliyounganishwa kwa risasi ya kulehemu moja kwa moja kwenye bodi. Betri hiyo huvuja alikali inayotambaa chini ya rangi ya bodi na kula njia za shaba. Dalili yake ni unga wa kijani au wa buluu. Ikatwe na kuondolewa siku hiyohiyo, hata kama haijavuja. Sehemu iliyoathirika isuguliwe kwa mswaki wenye siki nyeupe, ambayo huua nguvu ya alikali, kisha isuuzwe kwa maji safi, ipakwe spiriti na kuachwa mbele ya feni hadi ikauke kabisa. Ndipo kila njia ya shaba ipimwe kwa mita kutoka mwanzo hadi mwisho, na iliyokatika iungwe kwa unyuzi mwembamba wa shaba.

Badala ya betri hiyo, kishikio cha betri tatu za kawaida za volti 1.5, kama kile cha tochi au redio ndogo, kinatosha, ilimradi kifungwe mbali na bodi na kuwekewa dayodi (kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu) moja ndogo aina ya 1N4148. Dayodi hiyo si pambo. Bodi imeundwa ili ichaji betri yake, na betri kavu ikichajiwa hupasuka au huvuja, hivyo lazima mkondo uzuiwe kurudi. Bodi za baadaye hutumia CR2032 ya volti 3, ambayo hupatikana kwa kila fundi saa. Betri hii ikiwa imekwisha, mashine husahau tarehe na mipangilio ya diski, na wengi hudhani diski ndiyo mbovu.

Pawa saplai

Hapa ndipo penye hatari ya kweli. Umeme wetu ni wa volti 230, na ndani ya pawa saplai, yaani boksi linalogeuza umeme wa ukutani kwa ajili ya mashine, umeme huo ukishageuzwa kuwa mkondo mnyoofu hufikia takriban volti 325 kwenye kapasita (vipuri vinavyohifadhi chaji) mbili kubwa, ambazo zinaweza kubaki na chaji hata waya ukishachomolewa. Anayefungua boksi hilo azipime kwanza kwa mita, na kama bado zina chaji azitoe kwa rezista ya wati kadhaa, kamwe si kwa ncha ya bisibisi. Katika makasha ya zamani ya aina ya AT, swichi ya mbele yenyewe hupitisha umeme wa ukutani, na vipande vyake vya chuma visivyofunikwa vimewashtua mafundi wasiotarajia.

Mashine zilizotoka Marekani huwa na swichi ndogo nyekundu nyuma, inayochagua kati ya 115 na 230. Ikiwa imeachwa kwenye 115, kuichomeka hapa ni kuilipua. Swichi ikishawekwa sawasawa, pawa saplai ijaribiwe peke yake, bila bodi, ikiwa imefuatana na taa ya nyuzi ya wati 60 katika mfululizo, njia ambayo kila fundi televisheni wa zamani anaijua. Taa ikimulika mara moja kisha ikafifia, kuna matumaini. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna shoti ndani. Taa za LED hazifai kwa kazi hii, na taa za nyuzi zimeanza kuadimika madukani, kwa hiyo anayeiona ainunue na kuihifadhi.

Pawa saplai ya ATX, aina iliyofuata AT, huamshwa kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi kubwa. Nyingi za zamani hazitulii bila mzigo, na taa ya pikipiki ya volti 12, ikifungwa kati ya waya mwekundu na mweusi, ni mzigo mzuri wa bei ndogo. Kisha zipimwe: waya mwekundu uwe kati ya volti 4.75 na 5.25, wa njano kati ya 11.4 na 12.6. Nje ya mipaka hiyo isiunganishwe na bodi. Kwa zile za AT, zenye plagi mbili zilizoandikwa P8 na P9, nyaya nyeusi za pande zote mbili hukutana katikati. Zikigeuzwa, bodi huungua papo hapo.

Kapasita, na namna ya kuziulizia

Bodi zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi zinajulikana duniani kote kwa kapasita mbovu, ambazo maji yake ya ndani yalichanganywa vibaya, zikavimba kichwani au kuvuja chini. Hukaa karibu na prosesa kwa sababu huko ndiko umeme unakosafishwa kabla ya kuingia. Dalili ni kompyuta inayozima yenyewe, inayojiwasha upya, au inayohitaji kuwashwa mara kadhaa ili iamke asubuhi.

Kinachohitajika kimeandikwa kwenye mwili wa kapasita: maikrofaradi, volti na kiwango cha joto. Maikrofaradi zibaki zilezile au zikaribiane sana. Volti ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Joto liwe nyuzi 105, si 85. Kipenyo nacho kipimwe kwa rula, kwani kapasita nene haitaingia kati ya wenzake. Basi anayefika kwa fundi redio asiseme, "Naomba kapasita ya kompyuta ya zamani," kwani atajibiwa kuwa hakuna. Aseme, "Habari za kazi, fundi. Natafuta 1500 kwa 6.3, za 105, ziwe nyembamba za milimita nane," na fundi atainama chini ya meza na kuvuta boksi.

Kapasita za karibu na prosesa zina sharti la ziada, nalo ni ukinzani mdogo wa ndani, ambao kapasita ya kawaida ya redio haina hata ikiwa na namba sawa. Chanzo kizuri ni upande wa pili, ule wa volti ndogo, wa pawa saplai za monita bapa, ving'amuzi na televisheni bapa zilizovunjika kioo, kwa kuwa huko nako umeme husafishwa kwa kasi kubwa. Kioo kilichopasuka si ugonjwa wa bodi. Kwa maoni yangu, televisheni moja ya namna hiyo ina faida kuliko pakiti ya kapasita mpya za bei rahisi, kwa sababu sokoni zimo za bandia, ambazo ganda kubwa limefunika kapasita ndogo. Ziwe mpya au za kutolewa kwenye bodi nyingine, zote zipimwe kwa mita yenye uwezo wa kusoma maikrofaradi kabla ya kufungwa. Kisichopatikana Mwanza huagizwa Kariakoo na kuletwa kwa basi kama kifurushi, lakini muuzaji atume kwanza picha inayoonyesha maandishi ya ubavuni.

Wakati wa kutoa kapasita ya zamani, risasi mpya iongezwe kwenye miguu yake kabla ya kuivuta, kwa sababu risasi ya zamani peke yake huchelewa kuyeyuka na mguu ukivutwa kwa nguvu hung'oa shaba ya tundu. Upande wenye mstari ni hasi. Ikifungwa kinyume itapasuka.

Kuiwasha na kuitafutia diski

Iwashwe ikiwa na vitu vichache iwezekanavyo: bodi, prosesa, ramu moja, kadi ya picha na spika ndogo ya kasha. Mlio ni lugha ya mashine. Kwenye bodi nyingi zenye BIOS (programu ya kuianzisha mashine) ya Award, mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi huonyesha tatizo la picha. Kabla ya kuhukumu ramu au kadi kuwa mbovu, meno yake yasuguliwe kwa kifutio cha penseli, yafutwe kwa spiriti na kurudishwa. Katika hewa yetu yenye unyevu, tiba hiyo ndogo hufanya kazi mara nyingi mno kuliko inavyotarajiwa.

Diski ya zamani ikizunguka, kilichomo kinakiliwe kwanza, kabla ya jambo lingine lolote. Baadaye inaweza kupumzishwa na nafasi yake kuchukuliwa na kadi ya CompactFlash kupitia adapta rahisi, kwa kuwa kadi hizo huzungumza lugha ileile ya diski za IDE, zile za zamani zenye waya mpana bapa. Wapiga picha wa studio wenye kamera za zamani mara nyingi wamebaki nazo droo zima. Kadi ndogo ndiyo bora: BIOS za 486 nyingi hazioni zaidi ya megabaiti 504, na nyingi zilizofuata ziliishia gigabaiti 8.4. Kwa disketi, kifaa kiitwacho Gotek husoma flashi na kuidanganya kompyuta kwamba ni disketi ya megabaiti 1.44. Asiye na nakala ya mfumo wa zamani atumie FreeDOS, ambayo ni ya bure.

Kibodi yenye plagi kubwa ya pini tano na ile ndogo ya duara ya PS/2 hutofautiana umbo tu, na fundi yeyote anaweza kuunda adapta. Za XT (kompyuta za mwanzo za IBM) pekee ndizo zenye lugha tofauti. Monita ya kioo kinene apelekewe fundi televisheni, maana ndani yake kuna volti zinazofikia 25,000. Monita bapa yenye tundu la VGA inatosha kwa majaribio. Kuhusu kasha lililogeuka njano, krimu ya peroksaidi ya asilimia 12 inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya saluni, ikipakwa kwa glovu na kuachwa juani ikiwa imefunikwa kwa nailoni, huirudisha rangi kwa kiasi, ingawa sioni sababu ya kuhangaika na rangi wakati diski bado haisomi.

Mashine iliyopona ichomolewe ukutani kila mawingu ya radi yanapojikusanya ziwani, kwani bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na iunganishwe kupitia kilinda friji, kifaa kinachochelewesha umeme unaporudi ghafla. Ifunikwe kwa kitambaa cha pamba, si nailoni inayofungia unyevu, na iwashwe kwa saa moja kila mwezi, hasa kipindi cha masika. Bodi zilizochukuliwa vipuri nazo ziwekwe kwenye boksi la mbao lililoinuliwa kutoka sakafuni, kila moja ikiwa na karatasi inayotaja kilichobaki juu yake.