Boda mpya: kilomita elfu moja za kwanza na oili zake

Kama umechukua boda ya mkataba soma hii kabla hujaanza kubeba abiria. Ukimaliza mkataba hiyo pikipiki inakuwa yako, sio ya bosi tena, kwa hiyo ukiikimbiza wiki za mwanzo ili hesabu ya bosi itoke unaemharibia ni wewe mwenyewe, maana siku utakayokabidhiwa kadi ndo siku utakayokabidhiwa na injini inayotoa moshi wa bluu. Wenye pikipiki za kutembelea tu nao inawahusu, ila dereva wa mkataba ndo namfikiria zaidi.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Mwaka 2017 nilinunua chuma kipya Dar, CC 150, nikaona kupakia kwenye basi ni gharama, nikafunga mzigo nyuma, dogo akakaa katikati, tukaanza safari ya Iringa, kama kilomita 500 hivi. Njia nzima ya Morogoro mpaka Mikumi nilikuwa 80, 85, mkono umeganda kwenye resi. Tulipofika Kitonga, wanaopajua wanajua ile milima, ikapanda kwa gia ya pili huku inalia na joto linanichoma miguuni kabisa, na mimi naendelea kuivuta nikijiambia injini mpya haina neno. Oili ya dukani nikakaa nayo mpaka kilomita elfu mbili na zaidi. Ilipogonga elfu tisa ikaanza kula oili, kila wiki naongeza robo lita, asubuhi nikiwasha moshi wa bluu unatoka mpaka majirani wanafunga madirisha. Fundi alipoifumua akaniambia pitisha ukucha humu ndani ya silinda. Nikapitisha, nikasikia mistari imechanika kuanzia juu kwenda chini, ukucha unakwama kabisa. Kuchonga silinda, pistoni mpya, ringi mpya, kwa pikipiki ambayo haijamaliza hata mwaka. Iliniuma sana na bado inaniuma nikiikumbuka.

Kinachotokea ndani ni hivi. Ukuta wa silinda mpya haujasuguliwa ukawa laini, kiwandani wameuchora vimistari vidogo vilivyopishana, ukiuangalia kwa karibu ni kama tupa laini sana. Ringi za pistoni nazo ni mpya, hazijakaa sawasawa na ule ukuta. Kilomita za mwanzo ringi na ukuta vinasuguana mpaka vinashikana vizuri, moto haupiti kushuka chini na oili haipandi juu. Sasa ukiipa mzigo mkubwa na joto kali kabla havijazoeana, chuma kinachanika badala ya kulainika. Ila pia usiende kinyume chake, kuna watu wanaibembeleza pikipiki wiki tatu nzima kwa spidi 30 gia ya nne, hiyo nayo ni mbaya, ringi hazipati msukumo wa kuzibana ukutani, ukuta unang'aa kama kioo na oili inapita vilevile. Kinachotakiwa ni mzigo wa wastani unaobadilikabadilika, basi.

Kabla hujatoka dukani usiamini neno la mtu kwamba "oili ipo". Hizi pikipiki zinakuja kwenye boksi zinafungwa hapohapo, na anayefunga anafunga nyingi kwa siku. Isimamishe stendi ya kati, sehemu tambarare, angalia kijiti au kile kidirisha cha kioo pembeni ya injini, oili iwe katikati ya alama mbili. Shika nati za magurudumu, usukani, mkono wa breki. Cheni isiwe imekazwa kama waya wa gitaa. Na matairi mapya yanateleza jamani, yana ule utelezi wa kiwandani, kilomita mia za kwanza usilalie kona hasa kukiwa na mvua, breki nazo hazijashika vizuri kwa hiyo acha nafasi mbele yako.

Sasa kuendesha. Kwenye kitabu kinachokuja na pikipiki huwa kuna spidi za kila gia kwa kilomita za mwanzo, kifungue hata kama una haraka. Mimi kwa CC 125 na 150 mpaka kilomita 500 sivuki 45, nikifika elfu naruhusu 55, baada ya hapo naongeza kidogokidogo na sifungui resi yote mpaka nipite 1,500. Asubuhi washa, iache kama dakika moja iungurume yenyewe bila kupiga resi, halafu ondoka taratibu. Ukiwa barabarani usikae spidi moja muda mrefu, panda 30, nenda 45, achia resi ishuke yenyewe na gia, vuta tena. Mizunguko ya mjini inafaa kuliko safari ndefu ya lami. Mlima ukiuona shusha gia mapema, injini ikianza kutetemeka na kuguna ujue gia ni kubwa, hapo unaiumiza kuliko hata ingelia kwa gia ndogo. Ukienda mwendo wa nusu saa au zaidi simama dakika kumi ipoe, hizi injini zinapozwa na upepo tu, kwa hiyo hata foleni ndefu juani zima.

Mishkaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, hapana. Gunia la mkaa hapana. Abiria mmoja mwepesi kwenye tambarare sawa, lakini kama mnaishi huku kwetu Iringa kwenye vilima, kutoka Ipogolo kupanda mjini mwambie abiria ukweli kwamba chombo ni kipya tunapanda polepole, wengi wanaelewa. Na bosi ongea naye mapema, mwambie bosi naomba wiki mbili za kwanza hesabu ipungue halafu nitafidia mbele. Piga hesabu, boda anayezunguka kilomita mia kwa siku anamaliza hizi elfu moja ndani ya siku kumi tu. Bosi mwenye akili atakubali, maana mpaka umalize mkataba chombo ni chake, na injini ikinoki katikati hesabu inasimama.

Oili ya kwanza ndo yenye mambo. Vitabu vingi vinasema kati ya kilomita 500 na 1,000, mimi yangu ya sasa nilimwaga kwenye 400 na sijutii. Izungushe dakika tano oili ipate joto, sio ya kukuunguza, iwe nyepesi tu ya kutiririka na uchafu. Kata dumu la lita tano ubavuni, weka chini ya injini, fungua kwanza kifuniko cha juu ipate hewa, ndo ufungue nati ya chini. Itakayotoka ipeleke juani uitikise kidogo. Utaona inameremeta, vichembe vidogo kama rangi ya fedha vinaelea ndani. Mimi nilichovya sumaku ya spika ya redio mbovu, ikatoka na ndevu za unga mweusi, huo wote ni chuma kilichosuguliwa kwenye gia na ringi, na ungebaki mle ungeendelea kuzunguka kila mahali oili inapofika. Unga hivi ni kawaida, usiogope. Ukikuta kipande cha kushikika kwa vidole, hapo usiwashe, rudi dukani na pikipiki na hicho kipande.

Iache ichuruzike mpaka tone la mwisho, ilaze kidogo kushoto na kulia. Angalia kama injini yako ina filta ya karatasi au ina kile kiwavu cha chuma, kiwavu kisafishe kwa petroli ukikaushe. Ile washa ya nati, yaani kile kipete chembamba, ikiwa imebonyea badilisha, bei yake ni ndogo sana. Kukaza tumia spana fupi na mkono, usikanyage kwa mguu, injini ni aluminiamu meno yanakatika haraka, na yakikatika utavujisha oili njia nzima.

Oili ya kuweka iwe ya pikipiki. Hapa watu wanakosea sana, wanaweka ya gari kwa sababu ni bei poa au ilibaki. Kwenye pikipiki hizi oili ileile inalainisha injini, gia na inalowesha klachi, na oili nyingi za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza, unavuta resi injini inalia chombo hakiendi. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2, hiyo ni alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki, na namba ya uzito wa oili ambayo kitabu kinasema, Boxer na nyingi za aina hiyo ni 20W-50, Honda nyingi 10W-30. Sintetiki ya bei kubwa haina haja kipindi hiki, unaenda kuimwaga muda si mrefu. Nunua kopo lenye sili, na ukimaliza litoboe, kuna watu wanayaokota wanajaza oili chafu iliyochujwa. Nyingi za saizi hii zinakula kama lita moja, weka kidogo pungufu, washa dakika mbili, zima, subiri oili ishuke, pima, ndo uongeze. Usijaze kupita alama ya juu, kuzidi nako ni ugonjwa.

Siku hiyohiyo fundi akupimie tapeti, yaani nafasi ya valvu, injini ikiwa ya baridi, apitishe spana nati zote, abonyeze spoku kama kuna zilizolegea, cheni mpya inarefuka haraka mwanzoni kwa hiyo lazima ivutwe. Kama umepewa kadi ya sevisi za bure nenda nayo ipigwe muhuri, bila muhuri waranti inakuwa na maswali.

Oili ya pili mimi namwaga kwenye 1,000 au 1,200, unaona mng'aro umepungua sana. Ya tatu kwenye 2,500, hiyo inatoka nyeusi tu, hapo ndo najua ringi zimekaa. Kuanzia hapo kwa kazi ya boda usikae na oili moja ya kawaida zaidi ya kilomita 2,000, madereva wengi wanamwaga kila wiki mbili na wako sawa, vumbi letu na mizigo yetu sio ya kwenye kitabu. Andika kilomita kwa makapeni chini ya siti kila unapomwaga, kichwani utasahau. Oili chafu usimwage mtaroni, weka kwenye dumu, mtu anayejenga banda ataichukua apake nguzo zake mchwa wasile.