Glavu nyembamba, gripu isiyozunguka: mikono itulie kwenye njia mbovu

Saa mbili za kuendesha pikipiki kwenye mawe na vumbi kando ya kreta ya Menengai zinatosha kukuachia malengelenge kiganjani na ganzi ya vidole. Wengi hapo hukimbilia glavu nene zenye sponji, nazo huzidisha shida. Kitambaa cha milimita 2 huongeza karibu milimita 4 kwenye kipenyo cha unachoshika; kiganja hakifungiki vizuri, unakaza zaidi, na kigasha kinavimba mpaka kubana klachi kunakuwa kazi. Sponji yenyewe hujikunja, na ule mkunjo ndio unaochubua ngozi.

Tafuta glavu yenye tabaka moja tu kiganjani. Ngozi ya mbuzi inafaa sana kwa kuwa ni nyembamba na haichaniki upesi. Kinga ngumu ikae mgongoni mwa mkono, juu ya vifundo vya vidole. Pima mzunguko wa kiganja chini ya vifundo bila kidole gumba: sentimita 20 hivi huangukia saizi 8, sentimita 23 saizi 9. Kisha ivae na ukunje ngumi. Kitambaa kikijikusanya katikati ya kiganja, ni kubwa. Kikivuta kati ya gumba na shahada, ni ndogo. Ncha ya kidole ikibaki na nafasi ya zaidi ya milimita 5, itanasa nyuma ya mkono wa breki, na hilo ni hatari. Za mitumba pale soko la Kibuye, Kisumu, zikague mishono ya ndani kwa kuzigeuza. Mshono mnene kwenye ncha huumiza kucha. Usichukue zilizokatwa vidole: majani ya miwa ya Muhoroni na Chemelil yanakata kama wembe.

Kwa baridi ya Timboroa, funga kinga za mikono kwenye usukani zizuie upepo na matawi, na ubaki na glavu yako nyembamba. Msimu wa mvua beba jozi ya pili ndani ya mfuko wa plastiki.

Sasa gripu, ile mipira ya usukani. Ishike ukiwa umevaa glavu. Ncha za vidole zikichimba kiganja, ni nyembamba mno. Zikibaki mbali na mzizi wa gumba, ni nene. Mpira laini hupunguza mtetemo lakini huisha haraka, mgumu hudumu lakini hutia ganzi. Wa wastani unamtosha anayeendesha kila siku. Chagua yenye vijisanduku upande wa vidole na laini upande wa kiganja. Pikipiki nyingi zina bomba la usukani la milimita 22, na gripu ya kulia huwa na tundu pana zaidi kwa sababu hukaa juu ya bomba la plastiki la aksileta. Usizibadilishe pande.

Kuzifunga: kata za zamani kwa wembe, taratibu, usiguse plastiki ya aksileta. Futa bomba kwa spiriti hadi gundi na vumbi vyote vitoke. Paka gundi ya gripu, isukume ukiizungusha kwa nguvu moja bila kusita, maana gundi hushika mara moja. Upande wa kulia acha milimita 1 hadi 2 kabla ya kasha la aksileta, la sivyo mpira utasugua na aksileta haitarudi. Funga waya wa milimita 0.8 kwenye mifereji, ncha zake uzizamishe kwenye mpira, mbali na kiganja. Acha usiku kucha. Anayetumia sabuni au grisi ili iingie kirahisi atashangaa inapozunguka mkononi kwenye tope jeusi la uwanda wa Kano.

Kabla ya kutoka, geuza usukani kushoto kabisa, kisha kulia kabisa. Aksileta ikiachiwa ijirudie yenyewe pande zote mbili.

Mwisho simama juu ya vikanyagio, maana njia mbovu huendeshwa hivyo, na uinamishe mikono ya klachi na breki mpaka kigasha, kifundo cha mkono na vidole vinyooke mstari mmoja. Skrubu zake zikaze kiasi tu, ili pikipiki ikianguka mkono wa breki uzunguke badala ya kukatika.