Kuyeyusha alumini chakavu na kusubu puli ya mashine

Kusubu ni kumimina metali iliyoyeyuka kwenye kalibu, yaani umbo la mchanga, na puli ni gurudumu la mkanda wa mashine. Wengi huona kazi hii inaanza moto ukiwaka. Inaanza kwenye gunia la skrepa, na hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Hatua ya 1: Chambua

Mwaga gunia chini, pitisha sumaku. Kinachonasa ni chuma. Kiweke kando, pamoja na boliti na ringi za pistoni. Kisichonasa kipime mkononi. Zinki, inayopatikana kwenye vitasa na baadhi ya kabureta, huzidi uzito wa alumini ya ukubwa uleule kwa mara mbili na nusu. Risasi ni nzito kuliko hiyo, na ukiikwaruza kwa kisu inachubuka kirahisi na kung'aa. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za selsiasi, zinki 420, alumini 660. Kwa hiyo alumini ikiiva, hizo zimeshajichanganya zamani. Moto unaondoa umbo, hauondoi risasi. Ndiyo maana mzigo wa mchanganyiko nausubu puli. Sufuria sisubu, hata mteja abembeleze vipi. Watu watakula humo.

Pistoni na silinda hedi ndizo bora: zina elementi ya silikoni (si ile ya gundi), hutiririka vizuri. Makopo ya soda ni membamba, mengi huishia kuwa takataka. Kitu kilichozibwa, kama shokapu, usikitie kabisa, kitalipuka.

Hatua ya 2: Safisha

Toa oili, gasketi na rangi. Rangi za zamani nyingine zina risasi.

Hatua ya 3: Kalibu

Changanya mchanga laini na udongo wa mfinyanzi kidogo, nyunyiza maji. Finya konzi moja: donge libaki na alama za vidole, na ukilivunja likatike safi. Likinata kiganjani, maji yamezidi. Shindilia kuzunguka puli ya mfano, itoe, acha tundu la kumiminia na la kupumulia. Mfano uzidi kidogo ukubwa unaoutaka, maana alumini hunywea ikipoa.

Hatua ya 4: Yeyusha

Skrepa na upawa vipashwe moto kwanza ukingoni mwa tanuri. Tone la maji likizama ndani ya alumini iliyoyeyuka hugeuka mvuke unaohitaji nafasi zaidi ya mara 1,600, na alumini iliyomo chunguni itakurukia usoni. Vaa miwani na viatu vya ngozi. Kandambili hapana.

Hatua ya 5: Mimina

Engua takataka za juu, mimina kwa mkupuo mmoja. Ikipoa, ikereze. Ukikuta vitundu vidogovidogo ndani, skrepa ilikuwa na oili au unyevu. Puli hiyo usiiuze, irudishe chunguni.