Kupanga sevo na rimoti kabla ndege haijaruka

Ndege yangu ya pili ya kuongozwa kwa rimoti ilikaa hewani kama sekunde nne tu. Eileroni, vibapa vya kwenye mabawa vinavyoilaza ndege kulia au kushoto, zilikuwa kinyume: niliposukuma kijiti kulia ikalala kushoto, nikazidi kusukuma, ikazidi kulala, mpaka ikaingia kwenye mahindi na bawa likakatika katikati. Tangu siku ile sirushi ndege kabla ya kusimama nyuma yake na kuikagua, na ndivyo ninavyomfundisha mpwa wangu hapa Morogoro.

Vua propela kwanza. Mota ya betri ya seli 3 haina huruma na vidole. Washa rimoti, ndipo uchomeke betri ya ndege. Wakati wa kuzima, anza na ndege.

Sasa rudisha trimu zote (vitufe vya rimoti vya kusahihisha katikati ya kijiti) sifuri, chomoa mikono ya sevo (vimota vidogo vinavyosogeza vibapa vya mabawa na mkia), acha sevo zitafute katikati zenyewe. Katikati yake ni mpigo wa ishara wa maikrosekunde 1500; upande mmoja huishia kama 1000, mwingine 2000. Rudisha mkono ukiwa nyuzi 90 na waya unaosukuma kibapa. Meno ya sevo hayakubali kila mara, kwa hiyo ukiona umelala kidogo, jaribu mkono wa upande wa pili. Kipande kidogo kinachobaki ndiyo kazi ya sabutrimu, marekebisho ya katikati ya sevo mojamoja kwenye menyu ya rimoti. Wengi huanza na sabutrimu, na hapo ndipo wanapoharibu: sevo iliyoanzia pembeni hubakiwa na safari fupi upande mmoja, eleveta (kibapa cha mkiani cha kuinua na kushusha pua ya ndege) inapanda vizuri lakini haishuki vya kutosha.

Waya wangu ni spoku ya baiskeli, ncha nimeikunja kwa koleo mfano wa herufi Z. Pembe ya kwenye eleveta, kile kipande kilichosimama kinachoshika waya, naikata kutoka kadi ya benki iliyokwisha muda. Tundu lake likae sawasawa juu ya bawaba, likisogea mbele au nyuma eleveta itapanda na kushuka kwa vipimo tofauti. Kwenye mkono wa sevo natumia tundu la ndani, kwenye pembe tundu la nje; mwendo unapungua, nguvu inaongezeka, na ndege inatulia mkononi.

Simama nyuma ya ndege. Kijiti kikienda kulia, eileroni ya kulia ipande, ya kushoto ishuke. Ukivuta kijiti cha eleveta kuja kwako, eleveta ipande. Usukani wa mkia uende kulekule kijiti kinakokwenda. Kilicho kinyume kigeuze kwenye rimoti, kwenye rivesi ya chaneli yake.

Kwa ndege ya foamu yenye mabawa ya mita 1, eileroni na eleveta naziachia milimita 10 hadi 12 kila upande, nikipima kwa rula kwenye ukingo wa nyuma. Ekspo, inayolainisha mwendo wa katikati ya kijiti, naweka asilimia 30. Angalia grafu kwenye skrini: rimoti nyingine hulainisha kwa namba chanya, nyingine kwa hasi, na ukikosea katikati ya kijiti inakuwa kali badala ya laini.

Kisha ongeza mota kidogo, uzime rimoti. Mota isiposimama, rekebisha feilisefu (mpangilio wa kuzima mota mawimbi ya rimoti yakikatika) kabla ya jambo lingine lolote. Uzito usawazike asilimia 25 hadi 30 ya upana wa bawa wa mbele hadi nyuma, ukipima kutoka ukingo wa mbele.

Propela inarudi mwisho, uwanjani, nikiwa nimeishika ndege nyuma ya mabawa. Mpwa wangu anasukuma kijiti na kutamka, "Kulia." Namjibu nilichokiona: "Ya kulia juu, mjomba." Ndipo tunaigeuza ielekee upepo.